Simu ya Upepo: Kutoka Meli Kubwa hadi Mkononi mwa Mvuvi

Mutuini iko upande wa magharibi wa Nairobi, katika nchi ya Dagoretti, juu ya mwinuko uliopata mita 1,800 na ushei kutoka usawa wa bahari, na bahari yenyewe iko mbali nayo kwa zaidi ya kilomita 400. Kwa hiyo huenda msomaji akastaajabu kuona habari za vyombo vya majini zikiandikwa kutoka huku, ambako maji makuu ayajuayo mtu ni ya mto uliofurika wakati wa masika. Lakini nchi hii ya juu ina mafungamano na bahari ambayo wengi wa wakazi wake hawayatii maanani. Utabiri wa upepo na mawimbi ausikiao mvuvi wa Vanga na wa Lamu ni kazi ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, na ofisi kuu za idara hiyo ziko Dagoretti Corner, kando ya Barabara ya Ngong, mwendo mfupi tu kutoka Mutuini. Na kadhalika sheria ya nani atumie mawimbi gani ya redio husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo makao yake yako Waiyaki Way, upande huu huu wa machweo ya jua. Fauka ya hayo, wako watu wa Nairobi ambao siku za mapumziko hushuka Kilifi na Watamu, wakaingia majini kwa kayaki za plastiki, kurambaza nguru na kolekole. Na kila mmoja wao, kabla ya kuupita mwamba, shurti alikabili suali moja: redio gani ya mkononi achukue, na vipi ataitunza ili siku ya shida isimhini? Mimi naona suali hilo halijibiki vema kwa kulinganisha bei madukani. Hujibika kwa tarihi, kwani mambo makuu yaliyomo ndani ya redio ile, tangu chaneli yake ya dharura hadi kile kitufe chekundu chenye kifuniko, yaliwekwa kwa sababu ya watu waliopotea baharini, na aijuaye sababu ndiye ajuaye kuchagua.

Zamani za baba zetu chombo kikishatweka tanga na kuipa pwani kisogo, hakuna aliyeweza kukipasha habari wala kupashwa habari nacho. Nahodha alitegemea maarifa yake ya nyota, ya mikondo na ya misimu, akajua kaskazi huanza lini na kusi hukaza lini, na katikati ya pepo hizo mbili, wakati wa maleleji, akafanya hadhari yake. Maarifa hayo yalikuwa makubwa, wala si haki kuyadharau, lakini yalikuwa na mpaka. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu mashambani na kuziangamiza merikebu za Sultani Barghash zilizotia nanga bandarini, ilhali pepo za namna ile zilikuwa hazijulikani sana katika maji yale, na hapakuwa na njia yoyote ya kumtahadharisha mtu aliye njiani. Miaka saba baadaye, mwaka 1879, waya wa simu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Zanzibar, na mfanyabiashara wa mji aliyekuwa akingoja barua kwa majuma akaanza kupata habari za Ulaya kwa muda wa saa. Hata hivyo waya ule ulipita chini ya majahazi bila ya kuyafaa kitu; ulisema na miji, haukusema na vyombo.

Aliyefungua mlango huo ni Guglielmo Marconi, kijana wa Kitaliana aliyekwenda Uingereza mwaka 1896 akiomba hati ya kuhifadhi uvumbuzi wake wa kupeleka ishara za simu pasipo waya. Jambo la kuzingatia ni kwamba tangu mwanzo mtambo ule ulipata makao yake baharini, maana nchi kavu ilikuwa na nyaya tayari, na bahari haikuwa na kitu. Mwaka 1899 merikebu ya taa iliyolinda mafungu ya Goodwin, katika pwani ya Uingereza, iliitumia simu hiyo isiyo na waya, iliyoitwa simu ya upepo, kuita mashua ya waokozi kwa ajili ya chombo kilichopanda fungu, na tangu siku hizo ikawa dhahiri kwamba baharia aliye taabuni hakulazimika tena kutegemea macho ya watu wa pwani.

Lakini sauti bila sikio haina faida, na dunia ililijua hilo kwa gharama kubwa usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, ilipozama Titanic. Meli iitwayo Californian haikuwa mbali, nayo ilikuwa na mtambo na fundi wake mmoja, Cyril Evans. Lakini baada ya kazi ya mchana kutwa fundi huyo alikuwa ameufunga mtambo na kulala, dakika chache kabla Titanic haijagonga jabali la barafu, wala hapakuwa na sheria iliyomtaka afanye vinginevyo. Meli ya Carpathia, iliyokuwa mbali zaidi, ilisikia kwa sababu fundi wake, Harold Cottam, alikuwa bado na vyombo vya kusikilizia masikioni wakati alipokuwa akijitayarisha kulala. Ikageuza njia, ikaokoa watu zaidi ya 700. Nayasimulia haya kwa urefu kwa kuwa sheria zote za redio ya bahari zilizofuata zimejengwa juu ya usiku ule. Mkataba wa usalama wa maisha baharini uliotiwa sahihi London mwaka 1914 uliamuru meli kubwa za abiria ziwe na zamu ya kusikiliza usiku na mchana. Na baadaye ikawekwa desturi ambayo mimi naiona kuwa miongoni mwa desturi bora kabisa zilizobuniwa na wanadamu, yaani kwamba kila saa, mara mbili, kwa dakika tatu, mafundi wote wa meli na wa bandari wanyamaze katika masafa ya dharura, ili mnyonge mwenye mtambo dhaifu apate kusikika. Saa za ukutani katika vyumba vya simu vya meli zilipakwa rangi nyekundu penye dakika hizo, asiwepo wa kusahau.

Katika Afrika ya Mashariki simu ya upepo ilitangulia kuwafaa wenye vita kabla ya kuwafaa wenye nyavu. Vita Vikuu vya Kwanza vilipotangazwa, manowari ya Kiingereza Astraea ilifika mbele ya Dar es Salaam tarehe 8 Agosti 1914 na kuipiga mizinga, na shabaha yake ilikuwa mnara wa simu ya upepo, kwa maana Waingereza walihofia manowari ya Kijerumani Königsberg isije ikapata habari kwa njia hiyo. Na hofu hiyo haikuwa bure, kwani tarehe 20 Septemba Königsberg ilitokea Unguja alfajiri ikaizamisha Pegasus. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, askari walipakiwa melini Kisumu wakavuka ziwa Victoria hadi Bukoba, na moja katika makusudio ya safari yao ilikuwa kuuangusha mnara wa simu ya upepo uliokuwa pale. Hivyo wavuvi wa Dar es Salaam na wa Bukoba waliuona mnara ukijengwa na wakauona ukivunjwa, na muda wote huo haukuwahi kupeleka hata neno moja kwa ajili ya mtumbwi.

Amani iliporejea, redio ikaanza kuwaendea raia, ila kwa upande mmoja tu, upande wa kusikia. Nairobi ilipata kituo cha utangazaji mwaka 1928, kwa ajili ya walowezi kwanza. Mwaka 1929 ikaundwa idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ya Kiingereza, chini ya uongozi wa Albert Walter, nayo ndiyo iliyozaa idara za nchi zetu baada ya Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Katika miaka ya 1950 zikawapo Sauti ya Mvita na Sauti ya Unguja, na redio ndogo za transista zilipoanza kuingia sokoni, mtu wa pwani aliweza kusikia mambo ya ulimwengu akiwa chomboni. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini mvuvi yule, ajapokuwa msikilizaji, alikuwa bado bubu, kama alivyokuwa kabla ya redio hizo, siku ya kimbunga kilichoipiga Lindi tarehe 15 Aprili 1952, tarehe ile ile ya kile cha Unguja miaka themanini nyuma, ambacho hakikuweza kujibiwa kwa kilio chochote kutoka katika ngalawa.

Ulimi ulimjia mvuvi kwa njia ya jeshi tena. Katika Vita Vikuu vya Pili Wamarekani walitengeneza redio ya kushikwa mkononi yenye kupeleka na kupokea, uzito wake ukipita kilo mbili, iliyotumia valvu za kioo. Transista ikaja kuzing'oa valvu hizo, na uzito ukapungua mwaka hata mwaka. Wakati huo huo mataifa yalikubaliana kuyatenga masafa ya VHF kwa ajili ya mazungumzo ya bandarini na ya vyombo vilivyo karibu, na megahezi 156.8, ambayo ndiyo Chaneli 16, ikafanywa kuwa ya kuitana na ya kuomba msaada katika bahari zote. Mfumo mpya wa dharura wa dunia ulipokamilishwa tarehe 1 Februari 1999, alama za nukta na vistari, zilizokuwa lugha ya mafundi wa meli, zikastaafishwa, na Chaneli 70 ikawekwa kwa ajili ya mwito wa tarakimu, ambao mashine huupeleka na mashine huupokea pasipo mtu kutamka neno.

Kwetu Kenya, sikio la pwani lilipata makao rasmi mwaka 2006, kilipofunguliwa Mombasa kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji baharini, kimojawapo katika vituo vitano vilivyokusudiwa kuizunguka Afrika. Na mwaka 2018 likaundwa Jeshi la Ulinzi wa Pwani. Mambo haya ni ya juzi. Mtu aliyezaliwa mwaka kilipofunguliwa kituo kile ndio kwanza ameingia utu uzima, na kwa hiyo si ajabu kwamba desturi ya kubeba redio katika vyombo vidogo haijaota mizizi.

Sasa niliseme lile ambalo wauzaji hawalisemi. Mawimbi ya VHF husafiri kwa njia iliyonyoka, kama mwanga wa taa, na dunia ikijikunja chini yake hayajikunji nayo ila kidogo. Umbali yafikao hutegemea kimo cha antena: chukua kimo kwa mita, tafuta kipeo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, nawe umepata kilomita za upeo wake. Mtu aliyeketi katika kayaki antena yake haipiti mita moja juu ya maji, na upeo wake basi ni kilomita nne. Akisema na mwenziwe aliye katika kayaki nyingine, mapeo yao yakijumlishwa ni kilomita nane, na wimbi likiinuka baina yao hupungua. Akisema na mnara wa pwani wenye kimo cha mita 100 aweza kufikia kilomita 45 kwa hesabu, ingawa katika hali halisi ni chini ya hapo. Hata lau kama mtu angesimama hapa Mutuini na nchi yote hadi Mombasa iwe tambarare kama maji yaliyotulia, mwinuko huu wote wa mita 1,800 ungempa kilomita 175 tu, na sauti yake ingekatikia nyikani kabla ya nusu ya njia. Kwa sababu hiyo asinunue mtu redio kwa kutazama wati peke yake. Wati tano au sita ndizo za kawaida katika redio za mkononi, nazo zatosha. Kuziongeza husafisha sauti lakini hakuivushi nyuma ya mkunjo wa dunia. Linalofaa ni kuinua redio, kuishika wima mbali na kifua, na kungoja mtumbwi upande juu ya wimbi ndipo useme.

Jambo la kwanza katika kuchagua, basi, ni kuhakikisha kwamba redio yenyewe ni ya bahari. Huko Luthuli Avenue na katika mitaa iliyo jirani yake zimejaa redio za walinzi na za mafundi wa ujenzi, nzuri kwa kazi zake na rahisi kwa bei, lakini nyingi masafa yake ni mengine kabisa, na mwenye kuzungumza kwazo akiwa nje ya mwamba hasikiwi na meli wala na kituo. Ziko pia zile zinazoweza kulazimishwa kuingia masafa ya bahari, na watu huzisifu kwa wepesi wa bei. Mimi sizishauri, kwa kuwa hazikuumbwa kuvumilia maji, na sheria haiziruhusu katika masafa hayo. Kwa wakazi wa magharibi ya Nairobi hakuna udhuru hapa, kwani ofisi ya kuulizia idhini iko Waiyaki Way.

Redio ya meli imefungwa ndani ya chumba kikavu. Redio ya kayaki huishi majini, na tofauti hiyo ndiyo iamue mengine yote. Alama ya IPX7 maana yake ni kwamba chombo kimestahimili kuzamishwa kina cha mita moja kwa dakika 30; kilicho chini ya daraja hiyo kiachwe dukani. Kielee pia. Redio isiyoelea hushuka chini mara moja, na katika mkondo wa Kilindini au wa mlango wa Kilifi hairudi tena, ilhali ieleayo, hasa ikiwa na taa ya kujiwasha inapogusa maji, hupatikana hata wakati wa magharibi. Na ikiwa uwezo wapo, ichaguliwe ile yenye mwito wa tarakimu pamoja na kipokezi cha setilaiti ndani yake, kwa kuwa aliyepinduliwa na wimbi, maji yakimwingia kinywani, hawezi kutaja latitudo. Lakini aweza kufunua kifuniko na kukibonyeza kitufe chekundu, na mashine ikatangaza ni nani na yuko wapi. Kitufe hicho hakifanyi kazi mpaka redio iandikishwe na kupewa namba yake ya tarakimu tisa, ambayo katika vyombo vya Kenya hutambulika kwa 634, na wengi hununua redio nzuri wakaiacha bila namba, nayo ikawa imepotewa na nusu ya thamani yake.

Wako wanaohoji kwamba simu ya mkononi yatosha, na karibu na ufuo hoja yao ina nguvu, maana mtandao unafika na watu wote wanayo. Lakini simu huita mtu mmoja, na mtu huyo huenda amelala kama alivyolala fundi wa Californian. Redio humwita kila aliye karibu, hata asiyekujua jina, na aliye karibu ndiye awezaye kukufikia kabla hujachoka. Fauka ya hayo kioo cha simu chenye matone ya maji ya chumvi hakitii kidole. Mwenye busara huchukua vyote viwili, simu ndani ya mfuko usioingia maji, na redio imefungwa kwenye jaketi la kujiokolea. Isifungwe kwenye kayaki. Upepo wa kusi huweza kuichukua kayaki tupu ukaipeleka haraka kuliko mtu awezavyo kuogelea, na aliyebaki majini atabaki na alichovaa tu.

Katika matunzo adui mkubwa ni chumvi, kwa kuwa hata ikikauka huvuta unyevu wa hewa na kuendelea kula chuma polepole, na huanzia penye vipande vya shaba ambapo betri hukutana na chaja. Kila urudipo, isuuze redio kwa maji baridi ya kisimani ikiwa imefungwa sawasawa na mpira wa mlangoni umekaa mahali pake, uipanguse, uitikise maji yatoke penye spika, ndipo uifungue na kuitazama. Mpira ule ni mwembamba, na unywele mmoja au chembe moja ya mchanga iliyobanwa chini yake yatosha kuingiza maji. Kwa hiyo upanguswe kwa kitambaa safi, wala usipakwe mafuta ya taa au mengine ya kienyeji, maana huulainisha ukapasuka. Penye shaba pakianza kugeuka kijani, pasuguliwe kwa raba ya kufutia penseli. Wala isitiwe kwenye chaja ikiwa na maji.

Betri za lithiamu haziudhiki na chumvi kama ziudhikavyo na joto. Kuiacha redio juu ya dashibodi ya gari siku nzima, kutoka Mariakani hadi Athi River, ni kuipunguzia umri. Na kuiweka kabatini miezi mingi ikiwa imejaa kabisa au imekwisha kabisa ni vivyo hivyo. Kusi linapokaza na bahari ikafungwa, tangu Mei hata Agosti, ile iliyorudishwa Mutuini ihifadhiwe ikiwa na nusu ya chaji, mahali pakavu, na ubaridi wa Julai wa huku juu utaifaa. Kila baada ya miezi miwili itazamwe na kuongezwa kidogo. Aina nyingine huja na kasha la ziada la kutilia betri za kawaida za dukani, na kasha hilo ni akiba njema kwa safari ndefu, ila betri zake zisiachwe ndani msimu mzima zikavuja.

Kubwa lililobaki ni sikio. Kabla ya kushuka, utabiri wa Dagoretti Corner usomwe, na ukitaja mawimbi makubwa safari iahirishwe, kama walivyofanya wengi mwezi wa Mei 2024 ilipotangazwa habari ya kimbunga Hidaya, kilichokwenda kupiga pwani ya Tanzania upande wa Mafia. Redio isijaribiwe kwa kupiga soga katika Chaneli 16. Mkubaliane chaneli nyingine ya kazi, muijaribu ufuoni mkiwa mmesimama mbali mbali, kisha mrejee kusikiliza 16. Na mahali ambapo pana kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, iombwe redio ya pili iwekwe ofisini mwao au nyumbani kwa mzee mmoja mwaminifu aliyejenga juu ya jabali, antena yake iinuliwe juu ya mnazi au juu ya paa, aandikiwe majina ya waliotoka na saa walizoahidi kurudi, na redio hiyo isizimwe mpaka wa mwisho wao aivute kayaki yake juu ya mchanga.